Redio ya Kutazamwa

Asubuhi ile Fundi alikuwa hata hajamaliza kupanga bisibisi zake mezani pale kaka yake alipoingia dukani, kofia mkononi, akasema anataka redio ya boti ishushwe kutoka darini ifungwe mbele yake, usawa wa macho.

"Nataka niwe naiona," alisema.

Fundi alicheka. Alikuwa na miaka ishirini na mbili ya kufungua na kufunga redio, na hakuna mteja aliyewahi kumlalamikia kwamba haioni. "Redio husikilizwa, kaka. Ya kutazamwa inaitwa televisheni."

Kaka yake alimtazama midomoni, akachelewa kidogo, kisha akacheka kuliko yeye. Akashika kisogo, akasema uzee umeingia mifupani, kila akiinua kichwa kusoma namba ya chaneli shingo inalia kama mlango mbovu. Hapo hapo akaunganisha na kisa cha abiria aliyesahau meno ya bandia botini, akarudi kesho yake kuyaulizia huku amejiziba mdomo kwa leso. Alikisimulia vizuri, kwa mikono na mabega, mpaka Fundi akasahau alichotaka kuuliza.

Ndivyo alivyokuwa siku hizo, mtu wa maneno. Gatini walimpachika jina la Bwana Hadithi. Waliomjua zamani walishangaa, maana ujanani alikuwa mkimya, mtu wa kujibu "ndiyo" na "hapana" na kuona amezidisha. Fundi aliamini umri umemlainisha. Alimshukuru Mungu kwa hilo, tena mara nyingi, na baadaye shukrani hiyo ndiyo iliyomchoma kuliko yote.

Walizaliwa wawili tu. Baba yao alikuwa fundi wa redio katika duka lile lile, chumba kimoja chenye dirisha dogo na harufu ya risasi ya kuchomelea waya iliyoyeyushwa. Alitaka mwanawe wa kiume arithi meza, lakini kijana aliipenda boti tangu alipoipanda mara ya kwanza, na binti mdogo ndiye aliyebaki sakafuni akiokota skrubu zilizodondoka. Kaka mtu alianzia kwenye kamba. Kisha akakaa miaka tisa chini, chumba cha injini, katikati ya dizeli mbili zilizonguruma kutwa, bila kitu masikioni isipokuwa pamba siku akikumbuka. Mwishowe akapewa usukani. Kwa miaka mingine ishirini aliwavusha watu kwenda ng'ambo, kwenye hospitali kubwa, mwendo wa dakika hamsini. Alivusha wajawazito, alivusha walimu na madaftari yao, alivusha majeneza. Wapo vijana waliomwamkia wakiwa na ndevu, naye akawaambia kwamba safari yao ya kwanza walipanda bure, tumboni mwa mama zao. Hakupoteza hata mtu mmoja. Kila mara kabla ya kamba kufunguliwa alivua kofia akaomba sala ya pumzi moja: "Mungu wetu, tupeleke, na uturudishe." Abiria waliitikia amina, wengine huku wakitafuna karanga.

Basi Fundi alibeba drili yake akaenda botini. Alimkalisha kaka yake kwenye kiti cha usukani, akapiga mstari wa chaki ubaoni usawa wa macho yake. Tatizo likaonekana papo hapo: mahali palipofaa palikuwa shubiri mbili tu kutoka kwenye dira. Baba yao aliwafundisha kwamba redio na dira hukaa mbalimbali, mkono mzima kutoka bega hadi ncha ya kidole, kwa sababu spika ina sumaku, na sumaku huupotosha mshale wa dira bila kelele wala moshi, ukajua umepotea pale chini ya boti panapokwaruza mwamba. Fundi akamweleza kaka yake kwamba haiwezekani, labda wasogeze upande wa mlango.

"Hapana, hapa hapa," kaka yake alisema. "Itoe hiyo spika. Ipeleke nyuma."

"Nyuma wapi? Utasikiaje?"

"Ifunge hata chooni, mdogo wangu. Mimi nataka uso wake tu."

Wakacheka, pamoja na baharia wa botini, mtu mzima mwenye wajukuu ambaye wote walimwita Kamba. Fundi akaifungua redio, akaing'oa spika, akavuta waya mrefu akaifunga ukutani karibu na mlango wa nyuma. Redio yenyewe akaishikilia kwa bati la alumini na skrubu nne zisizoshika kutu, akaifanya iweze kuinama na kuinuka, jua lisije likaufuta mwandiko kwenye skrini. Kisha akawasha, akabonyeza maiki mara kumi, jicho lake likiwa kwenye dira. Mshale haukutikisika. Alijivunia kazi ile. Aligundua tu kwamba kitufe cha sauti kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho kabisa, akadhani kimelegea, akakirudisha katikati.

Wakati anakusanya zana, kaka yake aliuliza kuhusu taa. Ile ya kijani huwaka kila mtu anapoita? Kila mtu, Fundi alimjibu. Na huzimika akinyamaza? Huzimika. Je, akisema kwa muda mrefu? Itawaka muda huo wote. Kaka yake aliitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyepata jibu la mtihani, akamwambia Mungu ambariki mikono.

Wiki nne zilipita. Fundi alikuwa na kazi katika ofisi ya gati, ambako mtambo wao wa redio ulikuwa ukikatakata, na kila alipomaliza kugusa kitu alimwita kaka yake ili ajaribu mawimbi. Kaka yake alijibu siku zote, haraka na kwa uchangamfu: "Nimekupata vizuri." Siku moja mkuu wa gati alitoka kunywa chai, akamwacha Fundi peke yake mbele ya dirisha kubwa. Boti ilikuwa imefungwa palepale chini, injini ikinguruma polepole, haina abiria. Aliweza kumwona kaka yake kupitia kioo cha mbele, amekaa wima.

Alibonyeza maiki, akamuuliza kama amekula.

Alimwona akiitazama taa. Alimwona akingoja izimike. Kisha akachukua maiki. "Nimekupata vizuri," alisema.

Fundi akatabasamu, akadhani anataniwa. Akauliza tena: wifi amepona mafua? Kaka yake akatazama taa, akangoja, akajibu, "Nimekupata vizuri, asante."

Yapo maneno ambayo hayasemwi redioni kwa majaribio, na baba yao angemnasa kofi kwa alilolifanya. Lakini mkono ulishabonyeza.

"Kaka, boti yako inawaka moto nyuma."

Taa ikawaka, ikazima. Kaka yake akaiegemea maiki, uso umekunjuka, mtu mwenye raha zake. "Nimekupata vizuri. Mungu akubariki."

Nyuma yake Kamba alitokea mlangoni mbio na ndoo ya maji, akimwaga nusu yake sakafuni. Ni pale maji yalipomlowesha viatu ndipo nahodha alipogeuka.

Fundi alishuka ngazi bila kukumbuka kuzima mtambo. Alipoingia chumba cha usukani, Kamba alikuwa bado ameishika ndoo tupu. Mzee wa watu alimtazama Fundi, akamtazama nahodha wake, akaelewa. "Mimi sikusikia kitu, Fundi," alisema, akatoka akafunga mlango.

Fundi alisimama mbele ya kaka yake ili midomo yake ionekane. Alimuuliza tangu lini.

Kaka yake hakujaribu kukana. Alisema ilianza kidogo kidogo, miaka sita au saba. Kwanza ndege walinyamaza. Kisha kengele, kisha sauti za watoto. Sikio la kushoto lilikufa kabisa mwaka juzi, la kulia linashika ngurumo tu. Wifi yake alijua, watoto hawakujua. Aligundua kwamba mtu anayesimulia haulizwi maswali, kwa hiyo akaanza kusimulia. Na redio, alisema, haina shida tena, tangu aione. Njia ni ile ile kila siku. Wanachomwambia anakijua kabla hawajakisema.

"Na siku watakapokuambia usichokijua?" Fundi aliuliza.

Kaka yake alitazama maji yaliyomwagika sakafuni. Alikuwa na miaka hamsini na tisa. Ilibaki miezi kumi na minne astaafu kwa heshima, na picha yake itundikwe ofisini pamoja na manahodha waliomtangulia.

"Nivumilie tu mpaka mwakani," alisema. "Nikishuka hapa nitakuwa mtu wa kupigiwa makelele nyumbani. Hapa bado ni nahodha."

"Kaka, unabeba watu themanini."

"Najua idadi yao."

"Basi nenda kaseme mwenyewe. Nakupa mpaka Ijumaa. Ikifika Ijumaa hujasema, nitasema mimi."

"Wewe ndiye uliyenifungia hii redio." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mwenzake ahadi waliyopeana.

Ilikuwa Jumanne. Fundi alirudi dukani akakaa mbele ya redio za watu, zote zimefunguliwa matumbo, asiweze kugusa hata moja. Aliomba. Alimwomba Mungu ampe kaka yake masikio, na kama masikio hayapo basi ampe ujasiri, na kama ujasiri nao umechelewa basi ampe yeye ulimi. Alipomaliza alijiona kama ameomba vitu vitatu ili asilazimike kufanya kimoja.

Alhamisi wifi alikuja. Kwa kawaida wakikutana ni kuchokozana tangu mlangoni: huyu atamwambia mwenzake duka linanuka, yule atajibu linanuka kazi, kitu ambacho wifi hakijui. Siku hiyo wifi hakukaa. Alisimama ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Nimekuja kuuliza, wifi. Wewe ni fundi wa kutengeneza au wa kubomoa?"

Fundi alimkaribisha kiti. Wifi akakataa. Alisema mumewe hajala tangu Jumanne, anazunguka uani na kofia kichwani kama mtu aliyekosa usafiri. Alisema miaka miwili yeye ndiye amekuwa masikio yake nyumbani: akigongewa mlango humgusa bega, wageni wakija hukaa upande ambao anaona midomo yao, na kanisani humbonyeza mkono wakati wa kusimama. Wala hajawahi kuchoka. "Mimi nimeweza kumficha miaka miwili. Wewe ndugu yake wa tumbo moja umeshindwa miezi kumi na minne."

"Ningekuwa na uwezo wa kukaa naye pale kila safari ningekaa, wifi," Fundi alisema. "Lakini ile si sebule."

Machozi yalimtoka wifi bila uso wake kubadilika. "Najua si sebule," alisema mwishowe. "Unafikiri mimi sina hofu kila anapovuka?" Akageuka akaenda zake, na kwa miezi miwili hakukanyaga tena dukani.

Ijumaa asubuhi Fundi aliweka bisibisi mfukoni akaelekea gatini. Hakuwa na mpango kamili. Ama ataingia ofisini aseme, ama atapanda botini aing'oe redio kwa mkono ule ule ulioifunga. Alipofika mlangoni mwa mkuu wa gati aliona ufunguo wa boti mezani, wenye kile kibao cha shaba kilichochakaa, na mkuu mwenyewe amekaa nyuma yake ameshika tama. Kaka yake alikuwa ameshamtangulia. Mkuu alimweleza kwamba aliingia saa kumi na mbili kamili, akauweka ufunguo, akasema sentensi moja: "Mimi ni kiziwi, mwenzangu, tafuta mtu." Kisha akapeana naye mkono.

Fundi alimkuta kwenye benchi la abiria, mwisho wa gati, kofia magotini. Boti ilikuwa inajiandaa kuondoka na nahodha mwingine, kijana wa watu mrefu ambaye walimwita Mlingoti. Fundi aliketi kando ya kaka yake. Hakumgusa. Kamba alipoinama kuifungua kamba, kaka yake alisimama, akasema sala yake ileile, na kwa kuwa hakujali tena kupima sauti, aliisema kwa nguvu, mpaka watu waliokuwa mbali wakageuka.

"Mungu wetu, wapeleke, na uwarudishe!"

Botini wachache waliitikia amina. Yeye hakuwasikia. Aliketi akabaki kutazama mpaka boti ikawa ndogo.

Baada ya hapo aliishi miezi saba. Hadithi zilimwisha. Hakuwa na haja nazo tena, kila mtu alishajua. Akarudia ukimya wake wa ujanani, na pale nyumbani, kama alivyotabiri, watu walimpigia makelele: wajukuu, majirani, hata mchungaji aliyekuja kumtembelea alipiga kelele hadi mbwa wakabweka. Alikuwa akiinua kiganja taratibu kuwazuia, akionyesha midomo, yaani semeni tu polepole, naona. Watu walisahau baada ya dakika mbili.

Mwezi wa tatu tangu ashuke botini alikuja dukani. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akatazama taa za redio zilizokuwa zikijaribiwa, akachukua moja akaigeuzageuza. Fundi aliendelea na kazi. Alipoona ameelekezwa uso, aliacha.

"Uliniondoa pale kabla sijamzamisha mtu," kaka yake alisema. "Nimeshamshukuru Mungu kwa hilo. Wewe bado sijakushukuru. Nipe muda."

"Chukua wote utakao," Fundi alijibu, polepole, ili aone.

Akacheka kidogo. Akaja tena mara nyingine, na nyingine, akawa anamshikia taa ya mkononi wakati wa kuchomelea waya ndogo, maana macho yake yalibaki mazima mpaka mwisho. Wifi naye akaanza kumfuata na chupa ya chai, kwanza akiiacha mlangoni, kisha akiingia nayo. Lakini neno lile la shukrani halikutajwa tena. Jumatatu moja aliamka na maumivu ya kifua, akamgusa mkewe bega kama mkewe alivyomgusa yeye miaka yote, na kabla ya saa nne asubuhi alikuwa ametangulia. Mungu ndiye aliyetoa, na ndiye aliyetwaa. Muda alioomba hakuupata, na Fundi alijikuta mazishini akimsamehe na kumdai kwa pumzi hiyo hiyo.

Wiki mbili baadaye Mlingoti alimwita. Alimwomba radhi kwanza, akasema hataki kuonekana anafuta alama za marehemu, lakini yeye ni mrefu, na redio ile inamziba kioo. Je, Fundi anaweza kuirudisha darini?

Akaenda na drili ile ile. Mlingoti alikwenda kupakia mafuta, Kamba akabaki akimshikia skrubu. Fundi aliiinamisha redio ili aifikie skrubu ya nyuma, na hapo akaona kwamba ubao uliofichwa na redio una maandishi. Yalikuwa ya penseli, herufi za kaka yake, zilizosimama wima kama yeye.

*Taa fupi mara moja: gati wanauliza niko wapi.*

*Taa ndefu saa mbili: hali ya hewa. Angalia mawingu mwenyewe.*

*Taa fupi mara mbili: hospitali, kuna mgonjwa wa kurudi.*

*Inayokatikakatika: yule wa boti ya mchanga. Hana la maana.*

Chini kabisa, kwa penseli iliyokuwa imechongwa upya, palikuwa na mstari mmoja zaidi.

*Ndefu, inazima, inarudi tena ndefu: mdogo wangu. Hajui kufupisha. Mwache aseme.*

Fundi alisoma akacheka kwa sauti, kicheko cha kwanza tangu mazishi, na Kamba akashtuka. Halafu kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akalazimika kukaa kwenye kiti cha usukani, drili mapajani. Kamba aliyasoma naye, akisogeza kidole mstari kwa mstari. Aliporudi kwenye ule wa boti ya mchanga alitikisa kichwa. "Kweli hana la maana," alisema, akajifuta pua kwa mgongo wa mkono.

Kazi ilibidi iishe kabla ya safari ya saa sita. Fundi aliifunga redio darini, akairudisha spika ndani yake, akajaribu dira. Pale chini yalibaki matundu manne, na tundu lisilozibwa huingiza maji, kwa hiyo akayaziba moja moja kwa gundi ya boti, akayalainisha kwa kidole. Mlingoti alirudi, akayaona maandishi, akauliza kwa adabu kama ayafute kwa kitambaa au Fundi atayafuta mwenyewe.

Fundi alifungua kikopo chake kidogo cha vanishi, ile isiyo na rangi, akachovya brashi, akaipitisha juu ya maneno yote kuanzia taa ya kwanza mpaka ya mwisho, taratibu, penseli isije ikatapakaa.

"Usiguse mpaka ikauke," alisema. "Itachukua muda wa saa mbili."

Kisha akashuka, akasimama gatini pamoja na waliokuja kusindikiza watu wao. Kamba alipoishika kamba hakuifungua mara moja. Alimtazama Fundi, akangoja, kama mtu anayengoja taa iwake. Fundi akaelewa, akafumba macho, akaisema ile sala ya pumzi moja, kwa sauti ambayo hata mtu wa mwisho botini aliisikia.